Siri za Kasri Ziko Jikoni

Mtu akiniuliza kitabu changu cha watoto kilinigharimu nini, fedha huwa naitaja mwisho. Kwanza namtaja shangazi yangu wa Unguja, ambaye kwa muda mrefu aliacha kupokea simu zangu kwa sababu ya sura moja ya kitabu hicho. Ukitunga fumbo la siri za ukoo, jamaa zako watajitafuta humo ndani, hata ukiwawekea majini, kasri na bahari ya kubuni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Kigamboni. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanapenda kisa cha kutisha kidogo, chenye mlango uliofungwa na mtu anayechungulia. Vitabu vya hadithi tulivyokuwa navyo kabatini vingi vilikuwa vyembamba, na ukifika mwisho unakuta mtoto amefundishwa kunawa mikono. Nikaanza kuandika cha kwangu. Kinamhusu Mwanatumu, binti wa mwisho wa Sultani wa kisiwa ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Ameambiwa kuwa mama yake alikufa. Analala chumba cha nyuma, karibu na stoo ya nazi, na siku ya Idi nguo mpya zikigawiwa hakuna anayekumbuka kumkatia ya kwake. Usiku mmoja anaona taa inawaka kwenye ghorofa iliyopigwa kufuli tangu kabla hajazaliwa.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ya machozi matupu. Niliwasomea wanafunzi kila Ijumaa kipindi cha mwisho, na kufikia sura ya nne walikuwa wanakunja madaftari yao taratibu. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu kazi yake kulia tu?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kilichonitoa hapo ni hadithi niliyoisikia utotoni, ya Sultani Majnuni na mtende wake. Wengi mnaijua: kila mwaka tende zikiiva zinaliwa usiku na kitu kisichojulikana. Sultani anawatuma wanawe wamlinde mtende, mmoja baada ya mwingine, na wote wanasinzia. Anabaki wa saba, Mkaa Jikoni, ambaye baba yake hata hamtaji akihesabu watoto. Huyo anachukua mahindi ya kutafuna na mchanga wa kutia kinywani usingizi ukimzidi, anakesha, na asubuhi anakuja na unyoya wa ndege mwizi. Ukiitazama vizuri, ile ni hadithi ya upelelezi. Ina wizi, ina mlinzi, ina ushahidi wa kushikwa mkononi. Na anayeufumbua ni mtoto wa kifalme aliyetupwa jikoni.

Hapo ndipo nilipoona kupuuzwa kunamfaa nini Mwanatumu. Mtoto ambaye hakuna anayemtazama anaweza kukaa chini ya meza watu wazima wakiongea. Anajua ngazi ipi inalia ukiikanyaga na nani anatoka nje usiku. Ndugu zake wanaopendwa wana yaya, mwalimu na walinzi nyuma yao, hawawezi kupeleleza chochote. Nilifuta kurasa zote za kilio, nikabakiza moja, ile ya siku ya Idi, kwa sababu bila hiyo msomaji hajui kinachomuuma. Ijumaa iliyofuata madaftari hayakukunjwa.

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi: binti wa Sultani anasahaulikaje kwao? Msomaji wa miaka 11 hatakubali "walimsahau tu." Nilipanda boti nikaenda Unguja kutafuta jibu kwa mtu aliyekuwepo kweli, Sayyida Salme. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Zanzibar, na kumbukumbu alizoziandika kwa Kijerumani zilichapishwa mwaka 1886. Pale Mtoni zimebaki kuta zinazotazama bahari. Katika Makumbusho ya Kasri, Mji Mkongwe, nilikuta chumba kilichotengwa kwa ajili yake. Kama unaandika hadithi ya kasri la pwani, nenda kwanza ukasimame mahali penye kasri la kweli. Mimi sikujua ni upepo kiasi gani unaingia ndani ya nyumba kama ile, wala jinsi ua wake unavyoweza kumeza watu.

Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria, yaani wanawake wa kitumwa waliozaa na bwana wao. Hapo jibu langu lilipatikana bila kutumia uchawi. Katika nyumba yenye watoto kiasi hicho, na kila mtoto ana mama yake, mama ndiye mlango wako kwa baba. Mama akiondoka, mlango umefungwa. Nikamwondoa mama wa Mwanatumu, na mengine yakajipanga yenyewe.

Kitu kingine nilichokitoa kwa Salme ni kalamu. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, lakini kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, Majid, walihitaji mtu wa ndani wa kuwaandikia barua, na aliyejua kuandika alikuwa binti wa miaka kumi na mitano hivi. Uasi ukashindwa. Ndugu waliokuwa wakila sinia moja wakawekeana wapelelezi. Salme baadaye akapatana na Majid, na kwa kupatana huko akawapoteza wale aliokuwa upande wao. Hadithi yake sikuichukua. Nilichochukua ni kwamba ujuzi mdogo uliokatazwa unaweza kumweka mtoto katikati ya siri za wakubwa. Mwanatumu wangu anajua kusoma hesabu za dukani, kwa kuwa amekaa sana karibu na stoo ya nazi. Ndiyo maana yeye peke yake anagundua kuwa daftari la kasri linaandikwa chakula cha mtu mmoja zaidi ya watu waliopo.

Kabla sijaendelea, neno kwa anayetaka kuandika fumbo: andika siri yenyewe kwanza, kavu kabisa, kwenye karatasi moja. Nani alifanya nini, nani alijua, nani alinyamaza na kunyamaza kulimfaidia nini. Mimi nilianza kwa kuficha vitu huku na kule nikitumaini vitakutana mbele, na vilikataa kukutana. Nilipoandika karatasi ile niliona safu moja iko tupu. Nilikuwa najua Sultani alinyamaza kwa nini, mke mkubwa alinyamaza kwa nini, waziri vilevile. Lakini mtu aliyekuwa akipeleka chakula kwenye ghorofa iliyofungwa kila usiku, miaka yote hiyo, nilikuwa nimemwita "mtumishi mmoja," basi. Ndiye aliyejua yote, nami sikumpa hata jina.

Nikampa jina. Bi Faida, mpishi. Alipopata jina, kitabu kizima kiligeuka mkao.

Huwezi kuandika kasri la pwani yetu ukajifanya kwamba wali ulijipika wenyewe. Salme mwenyewe alizaliwa na mama aliyetoka Circassia, nchi ya kando ya Bahari Nyeusi, jina lake Jilfidan, aliyenunuliwa akiwa mtoto. Na hao waliomzunguka, waliobeba maji na kupepea na kulea, wengi waliletwa kwa nguvu kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria ile mpaka mwaka 1909. Nilijiuliza sana kama haya ni ya kumwambia mtoto wa darasa la tano. Kuna mwalimu mwenzangu aliyesema nisiwatie watoto huzuni. Lakini watoto hawa hawa wanafundishwa biashara ya watumwa katika masomo yao, halafu tuwape hadithi ya kasri lenye vijakazi wanaocheka tu?

Nilichofanya ni kumwacha Mwanatumu aulize kama mtoto anavyouliza. Wako jikoni, anakuna nazi, anauliza, "Bibi, kwenu wapi?" Bi Faida anamwambia kwao kuna maji mapana, ng'ambo huioni, yana mawimbi na yana samaki, na ukiona kiu unateka unakunywa. Mwanatumu, ambaye maishani mwake hajaona maji mapana yasiyo na chumvi, anaamini kabisa ni nchi ya majini. Anaitafuta hiyo bahari ya kunyweka kitabu kizima. Darasani, nilipofika hapo, wengi walikubali kuwa ni uchawi, isipokuwa mvulana mmoja aliyehamia kutoka Mbamba Bay. Alisimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu, hilo ni ziwa! Hilo ni Nyasa, mimi nimeoga humo!" Wenzake walimgeukia kama shahidi aliyeingia mahakamani. Tukatoa ramani, tukatazama njia ya misafara ya watumwa kutoka ziwani mpaka pwani, Kilwa Kivinje. Kipindi kiliisha, hakuna aliyetoka.

Sijawahi kutunga kidokezo kizuri kuliko hicho, na sikukitunga kwa makusudi. Nilikipata kwa kumsikiliza Bi Faida. Katika kitabu changu kuna mlango unaotokea na kupotea, kuna jini linalolinda ngazi, lakini jambo ambalo msomaji anadhani ni uchawi kuliko yote ndilo la kweli.

Basi shangazi. Nilimpelekea nakala ya mswada nikitaka tu aninyooshee Kiunguja cha mazungumzo, maana Kiswahili changu cha Dar kinajulikana. Wiki ile ile akapiga simu. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia kwa mbali, kisha akauliza, "Nani kakwambia habari za bibi?"

"Bibi gani, shangazi?"

"Huyo ulomtia jikoni. Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Sisi nyumbani tumelelewa tukijua kwamba ukoo wetu ulitoka Hadhramaut, Uarabuni, nukta. Nikamweleza kuwa nimetunga. "Mtu hatungwi," akasema, akakata simu.

Nilichokuja kukijua baadaye, kidogo kidogo na kwa watu wengine, ni kwamba bibi mzaa baba wa shangazi alikuwa na jina la aina ile ile, na alikuwa mpishi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwao wapi. Sitaandika zaidi ya hapo. Sikulala vizuri siku nyingi. Nilifikiria kuiondoa sura, nikafikiria kumhamishia Bi Faida bustanini, kana kwamba jiko ndilo lililokuwa tatizo. Mwisho nilimfuata shangazi Unguja, nikakaa naye barazani siku nzima tukizungumzia bei ya karafuu. Jioni ndiyo akasema, bila kunitazama, kwamba mwisho wa kitabu Bi Faida asifie kasrini. Hilo tu. Nikabadilisha mwisho. Ushauri wangu ni huu: mzee wa ukoo asikutane na siri yake ndani ya kitabu. Mwendee kabla, umsomee mwenyewe kwa sauti. Huenda akakataa, na utaamua mwenyewe cha kufanya na kukataa kwake, lakini angalau atakuwa ameyasikia kinywani mwako.

Kuna mambo mengine mepesi zaidi. Mlango wa siri wa kasri langu uko chini ya mwamba, unaonekana maji yakitoka sana. Niliandika kwamba Mwanatumu anauendea saa sita ya usiku, mwezi ukiwa nusu. Mtoto wa mvuvi akacheka mpaka akainamia dawati. Mwezi nusu ni maji mafu, bahari haitoki hivyo. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kutoka sana, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwa pwani yetu hii siku za bamvua maji hufika chini kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ikifika saa sita yanarudi. Nikaandika upya, na marekebisho yakawa zawadi: sasa msomaji anaweza kuhesabu siku mwenyewe na kujua lini mlango utatokea, na Mwanatumu ana muda mfupi wa kuingia na kutoka kabla bahari haijamfungia. Nimeona miswada mingi ya fantasia ambamo uchawi unafanya chochote mwandishi akitaka. Mtoto anachoka nao haraka, kwa sababu hakuna cha kukisia.

Upande wa wachapishaji nilipata makubwa. Mmoja aliniambia watoto hawasomi hadithi ndefu, nimletee kitabu cha kiada. Mwingine alikipenda, ila akataka Bi Faida apunguzwe na mwishoni Mwanatumu aolewe na mwana wa mfalme. Mwanatumu ana miaka kumi na moja! Wa tatu alikaa na mswada mpaka nikasahau kuwa anao. Ukweli ambao hakuna aliyenieleza mwanzoni ni kwamba wengi wao wanaishi kwa soko la shule. Kitabu cha ziada kikitaka kuingia shuleni lazima kipite Taasisi ya Elimu Tanzania kupata ithibati, kwa hiyo mchapishaji anakisoma mswada wako akiwa na mtathmini kichwani. Jua hilo kabla hujakasirika.

Nikaamua kukitoa mwenyewe. Mchoraji alitaka malipo yanayokaribia mshahara wangu wa mwezi, na alistahili, nami nikamlipa kwa awamu. Mkosee mtu yeyote, usimkosee mchoraji wa kitabu cha watoto. Mwambie mapema watu wanavaa nini. Michoro ya kwanza ilikuja na binti mwenye taji na gauni pana kama keki. Nikampeleka akaone kanga, marinda, kofia za vito na viatu vya mti kwenye picha za zamani. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, na haki ya kazi unaiandikisha ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa bara na COSOZA kwa Zanzibar. Mambo haya si magumu, ni ya kufuatilia tu.

Halafu mchapaji akanifundisha hesabu ambayo ningependa kuijua mapema. Karatasi kubwa ya mashine yake ikikunjwa inatoa kurasa 16. Kitabu changu kilikuwa na kurasa 98, yaani kingelipiwa kama cha kurasa 112, na nyingine zingebaki nyeupe. Nilikaa pale pale ofisini kwake na kalamu nyekundu nikapunguza mpaka 96. Zilizoondoka ni zile ambazo waziri anaeleza kila kitu kilichotokea kwa mpangilio, na hakuna mtoto aliyewahi kuziulizia. Nakala chache zina bei kubwa kwa kila moja, nyingi zinashuka bei lakini zinakaa kwako. Zangu zilijaa chumba cha watoto, na masika yale nilijua unyevu unafanya nini kwenye jalada la bei rahisi.

Sasa kuna mchapishaji anayetaka kutoa toleo la pili, pamoja na Bi Faida wake. Tumekwama kwenye mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo. Mkataba unasema asilimia ihesabiwe kwenye mapato halisi, baada ya punguzo la wauza vitabu na gharama wanazozitaja wao. Mimi nataka ihesabiwe kwenye bei ya jalada, ambayo kila mtu anaiona. Ukipewa karatasi kama hiyo, tafuta kwanza mstari huo, kisha ule wa haki za kutafsiri na wa muda wa mkataba, ndipo usome mengine. Yangu iko mezani, haijatiwa saini.